Malindi hadi Wundanyi kwa Baiskeli, Siku kwa Siku

Baiskeli ya Malindi imezoea mambo mawili: chumvi na tambarare. Chumvi huila polepole, na tambarare huficha kilicholiwa. Mtu anaweza kuzunguka Shela, Maweni na Barani mwaka mzima kwa breki moja inayoshika nusu, na asione shida yoyote kwa kuwa hakuna mteremko wa kumuumbua. Milima ya Taita itamuumbua. Ndiyo maana safari hii inaanza kwa fundi, wiki moja kabla ya kuondoka, ili ubaki muda wa kuijaribu baiskeli na kurudi kulalamika.

Njia ni Malindi, Kilifi, Kaloleni, Mariakani, Voi, Mwatate, kisha juu Wundanyi. Ukitazama ramani utaona mkato wa kuvutia kupitia lango la Sala hadi Voi. Uache. Ndani ni Tsavo Mashariki, mbuga ya simba, nyati na ndovu, na si pa kupita na baiskeli.

Kwa fundi

Anza na waya za breki. Usiridhike na sehemu inayoonekana. Waya wa pwani huoza ndani ya ganda lake, pale jicho halifiki. Chomoa wote. Ukikuta kutu, au uzi mmoja tu uliokatika karibu na mkono wa breki, badilisha waya pamoja na ganda, mbele na nyuma. Raba za breki zikiwa zimekauka na kung'aa kama kioo, hata kama bado nene, tupa. Nunua jozi mbili za ziada.

Nguzo ya kiti itolewe, ipakwe grisi, irudishwe. Nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma, ikikaa miaka miwili kwenye hewa ya bahari, hushikana na fremu kiasi cha kukatwa kwa msumeno. Kiti kikiwa chini sentimita tatu kuliko inavyotakiwa, magoti yatakwambia ukifika Voi.

Cheni ipimwe kwa rula. Kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25, cheni mpya ni milimita 305. Ikifika 306.5, nunua nyingine. Ikizidi 308, cheni mpya peke yake haitasaidia. Meno ya friwili nayo yameshakwisha, na cheni mpya itaruka meno hayo mara tu utakapoikanyagia mlimani. Badilisha vyote viwili kwa pamoja.

Sasa gia, ambazo ndizo zinazoamua kama utapanda au utasukuma. Baiskeli ya kawaida ya Black Mamba yenye meno 44 mbele na 18 nyuma husogea karibu mita 5.4 kwa mzunguko mmoja wa pedali. Kwenye mwinuko mkali, mwendo wa mtu wa kawaida mwenye mzigo ni kilomita 6 kwa saa, yaani mita 100 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 18 au 19 kwa dakika. Hakuna goti linalohimili hivyo kwa saa mbili. Baiskeli ya milimani yenye meno 24 mbele na 34 nyuma, magurudumu ya inchi 26, husogea kama mita 1.5 kwa mzunguko: kwa mwendo uleule, miguu inazunguka mara 67 hivi. Hapo unaweza hata kuzungumza. Kama ya kwako ina meno 42 au 44 mbele na huna nyingine ndogo, ongea na fundi kabla ya kuongea na mtu mwingine yeyote. Kuongeza meno ya nyuma kuna mpaka, maana mkono wa kibadilisha gia lazima ufike; mwambie apandishe cheni kwenye gia kubwa ya nyuma na kuzungusha kwa mkono huku gurudumu likiwa juu, uone kama haisuguani.

Jambo la mwisho ni spoki. Spoki huvunjika nyuma, na mara nyingi upande wa friwili, kwa sababu upande huo ndio unaokaza zaidi na kubeba mzigo. Balaa ni kwamba huwezi kuibadilisha bila kuitoa friwili, na kila aina ya friwili ina kifungulio chake. Kinunue hukohuko Malindi. Spoki tatu za urefu wako zifunge kwa utepe kwenye fremu.

Mzigo usizidi kilo 12, na ukae chini, pembeni mwa keria, si juu yake. Humo uweke tyubu mbili, viraka kumi, solusheni ambayo haijafunguliwa (ikishafunguliwa hukauka ndani ya mfuko), pampu, spana ya 15 kwa nati za magurudumu, spana ndogo za pembe sita namba 4, 5 na 6, kifaa cha kukatia cheni, taa mbili, na sweta. Watu wa Malindi hucheka wakisikia sweta. Hewa hupoa kama nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Wundanyi iko karibu mita 1,400, kwa hiyo toa nyuzi 9 kwenye joto la nyumbani, kisha ongeza ukungu na jasho.

Msimu mzuri ni Januari na Februari, au Juni hadi Septemba. Masika isubiri ipite. Upepo nao una hesabu yake: kusi itakupiga usoni siku ya kwanza unapoelekea Kilifi, halafu itakusukuma mgongoni kutoka Mariakani hadi Voi. Kaskazi hukupa kinyume chake, wepesi siku ya kwanza na upepo wa ubavuni jangwani.

Siku ya 1: Malindi – Kilifi, kilomita 60 hivi

Ondoka saa kumi na moja na nusu, taa zikiwa zimewashwa. Barabara ni lami, karibu tambarare, na hatari yake ni matatu zinazowahi abiria. Gede iko kama kilomita 16. Mahamri na mbaazi hupatikana mapema. Baada ya hapo msitu wa Arabuko-Sokoke unakuwa kuliani, na ubaridi wa asubuhi ni zawadi usiyotakiwa kuichelewa. Mida, Matsangoni, Tezo, kisha Kilifi kabla jua halijakomaa.

Siku hii ni ya majaribio. Kila kelele sikiliza sasa. Mlio wa kugonga unaokuja mara moja kwa kila mzunguko wa pedali ni kranki au pedali imelegea. Ukija mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, tafuta spoki iliyolegea au rimu iliyopinda. Kilifi kuna mafundi, na mbele wanapungua.

Siku ya 2: Kilifi – Mariakani, kilomita 55 hivi

Vuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa 1991, na ukifika Mavueni kata kulia uelekee Kaloleni. Hapa ndipo pwani inaanza kukunja uso. Vilima ni vifupi lakini havina huruma: unashuka, unapanda, unashuka, na kila ulichopata umekirudisha. Waendeshaji wa tambarare hukosea kwa kubadilisha gia wakiwa tayari wamekwama katikati ya mlima, cheni ikiwa imekazika. Gia ibadilishwe chini, mita kumi kabla ya mwinuko, miguu ikizunguka bila nguvu. Kuibadilisha huku ukikanyaga kwa uzito wote ndiko kunakopinda meno na kukata cheni.

Minazi imekuzunguka kote huku, na mnazi wa kunywa pia. Dafu, naam. Ule mwingine, baada ya kufika. Misitu midogo unayoiona juu ya vilima mingine ni kaya, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda. Kaya kadhaa ziliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2008. Si mahali pa kupumzikia au kujisaidia. Ukitaka kuiona mojawapo, waulize wazee, na salamu itangulie.

Mariakani kuna mizani ya malori, na foleni yake. Lala hapa. Jioni nunua chakula cha siku mbili: tende, kashata za nazi, viazi vitamu vilivyochemshwa, chumvi na sukari. Kashata haiyeyuki kwenye jua kama chokoleti, na ina mafuta na sukari ambavyo mwili unadai kufikia saa ya tatu ya safari.

Siku ya 3: Mariakani – Mackinnon Road

Hii ni barabara kuu ya Mombasa–Nairobi, na tusipambe maneno: ni kipande kibaya zaidi cha safari yote. Haina uzuri wa kuonyesha na ina malori bila mwisho. Anayeamua kuweka baiskeli juu ya matatu kutoka Mariakani hadi Voi hajapoteza chochote, na kwa wanaokwenda peke yao hilo ndilo tunalopendekeza. Milima ndiyo tuliyoifuata.

Kwa anayetaka kuendesha, kuna mambo ya kujua. Kioo cha nyuma kwenye usukani si pambo. Hatari kubwa si lori linalokujia nyuma peke yake, bali malori mawili yatakayokutana ubavuni mwako: moja mbele yako, moja nyuma. Ukiona hesabu hiyo inakaribia, toka kwenye lami mapema. Ukingo wa lami una ngazi, pengine ya kimo cha kiganja. Kushuka kwake si shida ukiwa umenyoosha usukani. Kurudi ndiko kunakoangusha watu: ukijaribu kuupanda kwa mshazari mdogo, tairi la mbele linasugua ukingo badala ya kupanda, na unaangukia barabarani. Simama, inua baiskeli, rudi.

Kwenye nyika ya Taru tairi lina adui mwingine, miba ya migunga. Ukipumzika, ibebe baiskeli, usiisukume vichakani. Ukipata pancha, usiridhike na kuziba tundu. Pitisha kitambaa ndani ya tairi lote, kitanasa pale mwiba ulipobaki. Tyubu mpya nyingi hufa dakika kumi baada ya kuwekwa kwa sababu mwiba uleule ulikuwa bado unasubiri.

Maji: lita tano kwa mtu, hata kama vituo vya Samburu na Taru vipo njiani. Ukitoka jasho jingi na kichwa kikaanza kuuma, maji matupu hayatoshi. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Lala kivulini kuanzia saa tano hadi saa tisa. Hakuna kilomita inayofaa kuendeshwa saa saba mchana katika nyika ya Taru.

Mackinnon Road kuna msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, aliyekuwa msimamizi wa vibarua wakati wa ujenzi wa reli. Wasimulizi husema karai la udongo lilikuwa likielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Madereva wengi wa pwani husimama hapo kuomba dua ya safari, na kwa barabara hii mtu huwaelewa.

Siku ya 4: Mackinnon Road – Voi

Karibu sawa na jana, ila baada ya Maungu milima inasimama mbele yako na moyo unabadilika. Usitembee kabla ya jua kuchomoza. Ndovu huvuka huku, na ndovu alfajiri ni kivuli cha kijivu juu ya lami ya kijivu. Ukimwona, simama mbali, acha magari yapite kwanza, na usijaribu kumzunguka.

Voi, kaza kila nati. Kilomita hizi za mtikisiko hulegeza keria kuliko kitu kingine chochote. Tone la rangi ya kucha kwenye nyuzi za skrubu huishika vizuri.

Siku ya 5: Voi – Mwatate – Wundanyi, kilomita 40 hivi

Voi iko chini ya mita 600, Mwatate kama mita 840. Kwa hiyo kilomita 25 za kwanza, kando ya mashamba ya mkonge, zinapanda bila kukuambia. Mtu huona barabara kama imenyooka, mwendo unashuka, naye anadhani breki zinasugua. Hazisugui. Ni mlima umeanza taratibu.

Kunywa chai Mwatate, ushibe nusu. Kilomita 15 zilizobaki zinapanda zaidi ya mita 550. Ukigawanya unapata wastani wa asilimia 4 hivi, na wastani huo ni mwongo: kuna vipande vya kupumulia, na kwa hiyo kuna kona zinazolipa deni lake kwa kusimama wima. Kanuni ni moja. Ukishindwa kusema sentensi nzima bila kukata pumzi, umeenda kasi mno. Weka gia nyepesi kuliko unavyodhani unahitaji, tangu mwanzo. Kwenye kona kali, upande wa ndani ndio mwinuko mkubwa zaidi. Kama upande wako ndio wa ndani, ingia ukiwa tayari na gia ya mwisho. Magari huku hukata kona, kwa hiyo usijisahau ukaenda katikati kutafuta wepesi.

Gurudumu la mbele likianza kuinuka au kuyumba, inama, sogea mbele ya kiti. Ukisimama juu ya pedali kwenye lami yenye umande, tairi la nyuma litateleza. Na kama ni kusukuma, sukuma. Kusukuma kilomita mbili ni nusu saa au zaidi kidogo, na hakuna anayeandika.

Migomba, mahindi kwenye matuta, maji yanayotiririka kando ya barabara: kwa jicho lililozoea Malindi, ni nchi nyingine. Badilisha fulana mara tu ukifika, kabla ya kukaa. Jasho la kupanda likikutana na ukungu wa Wundanyi ndiyo baridi yenyewe. Kula kimanga, viazi au muhogo uliopondwa pamoja na maharagwe. Hakuna chakula kinachomfaa zaidi mtu aliyepanda leo na atakayepanda kesho.

Siku ya 6: Ngangao na Vuria, bila mzigo

Acha mifuko kwenye nyumba ya wageni. Chukua maji, pampu, tyubu, koti la mvua. Shusha presha ya matairi: kama ulikuwa na pauni 50 kwenye lami, 35 zinatosha kwenye murramu, na utaona tairi linashika badala ya kurukaruka juu ya kokoto.

Msitu wa Ngangao ni mdogo, kama hekta 120, lakini ni kipande cha misitu ya kale ya Tao la Mashariki, safu ya milima ambayo Taita ndiyo ncha yake ya kaskazini. Kuna ndege huku, kama kiruwiji wa Taita, wasioishi popote pengine duniani. Ndani ya msitu nenda kwa miguu. Vuria ndicho kilele kirefu, mita 2,208, chenye milingoti ya mawasiliano juu. Nenda asubuhi: mawingu yakishapanda kutoka tambarare, utakachokiona ni usukani wako tu. Siku iliyo wazi, Tsavo yote imelala chini.

Hali ya barabara za juu hubadilika kila msimu. Waulize watu wa boda boda stendi, si mtu wa gari. Wao ndio wanaojua palipooshwa na mvua.

Siku ya 7: Kushuka

Kupanda huchosha, kushuka ndiko huvunja mifupa. Mtu, baiskeli na mzigo vikiwa kilo 100, kila mita 500 za kushuka ni kilojuli 490 za nishati. Hiyo inatosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji ya chai. Ukishuka huku umefinya breki muda wote, karibu joto hilo lote linaingia kwenye rimu na raba, au kwenye diski ndogo isiyofika uzito wa mkate.

Na ndipo mambo huharibika kwa mpangilio unaojulikana. Rimu ikichemka, solusheni ya kiraka hulainika, kiraka kinaachia, tairi linaisha upepo katikati ya kona. Breki ya diski inayosukumwa na mafuta ikizidi joto, mafuta huchemka na mkono wa breki unazama hadi kwenye usukani bila kushika kitu. Breki ya diski inayovutwa na waya haichemki, lakini raba zake zinaisha upesi. Kaza kirekebishi chake kila unaposimama. Black Mamba yenye breki za fito na rimu za chuma ina tatizo baya kuliko yote: rimu ikiloa, breki karibu haipo. Asubuhi ya ukungu, mwenye Black Mamba ashuke kwa miguu hadi pakauke. Si aibu.

Namna ya kushuka ni hii. Tyubu yenye viraka itolewe Wundanyi, iwekwe mpya. Funga breki kwa nguvu na kwa muda mfupi kabla ya kona, baiskeli ikiwa imenyooka, halafu achilia kabisa upite kona bila kufinya, upepo upoze rimu. Watu wa pwani wengi hutumia breki ya nyuma peke yake wakiogopa kupinduka. Mteremkoni uzito mwingi umehamia mbele, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo inayosimamisha. Rudisha makalio nyuma ya kiti, nyoosha mikono kidogo, tumia zote mbili. Kwenye murramu iliyolegea, punguza ya mbele, na usiiguse kabisa ndani ya kona.

Simama kila kilomita tatu, dakika kumi. Dondosha tone la maji kwenye rimu: likichemka na kulia, subiri zaidi. Diski usiimwagie maji ikiwa moto, itapinda. Tazama pia pale waya unapoingia kwenye mkono wa breki, ndipo nyuzi zinapokatikia.

Kutoka Mwatate hadi Voi mteremko ule uliokudanganya siku ya tano sasa unakulipa.

Voi, tafuta basi la Mombasa, kisha Malindi. Elewana na konda bei ya baiskeli kabla haijainuliwa. Ikishakuwa juu, bei ni yake. Ilazwe upande wa gia ukiwa juu, pedali ya kushoto itolewe, na ifungwe kwa vipande vya tyubu kuukuu, si kamba, maana kamba hukata rangi na kulegea njiani. Ukifika nyumbani osha cheni kwa mafuta ya taa siku hiyohiyo, upake oili mpya. Vumbi jekundu la Taita likichanganyika na chumvi ya Malindi husaga cheni nzima kabla ya mwezi kuisha.